MECHI IPO KWAKO? USIKUBALI GOLI LIKUKUTE JIKONI

Siku ya dabi jijini Dar es Salaam haihitaji kalenda. Tangu asubuhi utaziona jezi zenyewe barabarani, njano na kijani upande mmoja, nyekundu na nyeupe upande wa pili, kwenye daladala, sokoni, mpaka saluni. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 zimezigawa nyumba za Watanzania kwa zaidi ya miaka themanini, na siku hiyo ikifika kila mtu ana swali moja tu: leo tunaangalizia wapi?

Kwa wanaume wengi jibu ni baa. Kwa wake na wapenzi wao jibu ni "atarudi akirudi". Ndiyo maana siku mnapokubaliana kwamba mechi hii tunaangalia nyumbani, na marafiki waje, inakuwa habari njema kwa kila mtu. Pesa inabaki ndani, watu wanajuana, na mwenzako unamuona kwa macho, si kwa simu ya "nakuja sasa hivi".

Lakini subiri kwanza, mpenzi msomaji. Ni sherehe ngapi za namna hii umewahi kuhudhuria ambapo watu tisa wapo sebuleni wanapiga kelele, na mtu wa kumi yuko jikoni anageuza chipsi? Mtu huyo goli halioni, analisikia. Anatoka mbio na mwiko mkononi, anakuta marudio yameshapita, anaulizwa: "Vipi, kachumbari bado?" Wageni wakiondoka wanasema ilikuwa bonge la shughuli. Yeye anabaki na masufuria, na kuna kitu kimemkaa rohoni ambacho kitatoka wiki ijayo kwenye ugomvi wa jambo lingine kabisa.

Mwezi huu tunalimaliza hilo. Hapa kuna mpango mzima wa kulisha watu kumi, chakula cha kushea, kitamu na cha kawaida, na filimbi ikipulizwa jikoni hakuna mtu.

KANUNI YA MKONO MMOJA

Kabla hujaandika orodha ya sokoni, pima kila chakula kwa swali hili: je, mtu anaweza kukila kwa mkono mmoja, bila kukiangalia, akiwa amekaa ukingoni mwa kochi? Kama jibu ni hapana, kiache au kisubiri mechi iishe.

Kwa kipimo hicho, chipsi zinatoka mapema. Zikitoka kwenye mafuta ni tamu, baada ya dakika kumi zimelegea na kupoa, kwa hiyo lazima mtu akae anakaanga awamu baada ya awamu. Pilau nayo tunaipenda, lakini inataka sahani, kijiko na mapaja yaliyotulia. Nani ana mapaja yaliyotulia ikipigwa penalti? Samaki mzima ana miba, na miba inataka macho.

Vinavyobaki ndivyo vyakula ambavyo watu wa Pwani tumekuwa navyo siku zote: sambusa, mishikaki, katlesi, kachori, bagia, viazi karai, mihogo. Tuna bahati kwamba vitafunwa vyetu vya jioni vilitengenezwa kana kwamba watu walijua mpira utakuja. Huhitaji kununua kitu chochote cha ajabu kwenye supamaketi.

MENYU YA WATU KUMI

Chagua vitu vinne au vitano, usizidishe. Meza yenye vitu kumi na mbili inapendeza kwenye picha, ila aliyeipika amechoka kabla timu hazijatoka vyumbani.

Mishikaki (kama 40)

Nunua kilo 2 za nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa. Ikate vipande vya ukubwa wa sentimita 2. Saga tangawizi na kitunguu saumu, vijiko vikubwa viwili vya kila kimoja, ongeza maji ya limau mawili, pilipili manga, chumvi, mafuta vijiko vitatu na papai bichi lililosagwa vijiko viwili. Papai ndilo linalolainisha nyama, na linafanya kazi kweli, kwa hiyo saa moja hadi mbili zinatosha. Ukililaza usiku kucha nyama inageuka kama uji. Kama unataka kuandaa jana yake, weka viungo vingine vyote na papai uliongeze siku ya mechi.

Njiti za mbao ziloweke kwenye maji nusu saa ili zisiungue. Vipande vitano kwa kila njiti, choma kwenye mkaa ulioshika vizuri, usiwe na moto wa kuruka. Zikiiva zifunge kwenye karatasi ya foili na uziweke ndani ya hotpoti.

Vipapatio vya kuku vya kupaka

Kilo 2 za vipapatio, vikate kwenye maungio. Vipake chumvi, limau, tangawizi na kitunguu saumu, viache friji kwa saa chache. Oveni nyuzi 200, dakika 45, ukivigeuza katikati. Huna oveni? Vichemshe kwa maji kidogo mpaka viive na maji yakauke, kisha vichome kwenye mkaa vipate rangi.

Wakati huo chemsha tui zito la nazi moja pamoja na ukwaju vijiko viwili, binzari nusu kijiko cha chai, kitunguu saumu na pilipili, ukikoroga mpaka liwe zito la kushika mgongo wa kijiko. Paka juu ya kuku, rudisha motoni dakika tano. Hiki ndicho chakula pekee kwenye orodha yetu chenye mfupa, kwa hiyo weka bakuli la mifupa mahali pa kuonekana na tishu za kutosha, la sivyo utaikuta chini ya makochi Jumatatu.

Sambusa za jana

Nusu kilo ya nyama ya kusaga, vitunguu maji viwili vikubwa, kitunguu saumu, tangawizi, limau, giligilani na pilipili inatoa sambusa 20 hadi 25. Nyama ikaushe kabisa, na vitunguu viweke mwishoni moto ukiwa umezimwa ili visitoe maji. Manda zinapatikana tayari, hakuna atakayekulaumu. Zifunge siku moja au wiki moja kabla, zipange kwenye trei zisigusane, zigandishe, kisha zitie kwenye mfuko. Siku ya mechi zinatoka frija moja kwa moja hadi kwenye mafuta ya moto wa wastani, bila kuziyeyusha. Ukiziyeyusha zinalowa na kupasuka.

Chapati mayai za kukunja

Hii tumeazima Uganda, wanakoiita roleksi. Mayai mawili, kitunguu, nyanya, hoho na chumvi, kaanga kama kiwanda, weka juu ya chapati, kunja kama mkeka. Chapati kumi zikikatwa vipande vitatu vitatu unapata vipande 30, na kwa wasiokula nyama huu ndio mlo wao kamili. Chapati zenyewe nunua kwa mama wa mtaani, naye apate riziki.

Mihogo na chachandu

Kilo 3 za mihogo, imenye, ikate vidole, ichemshe na chumvi mpaka ianze kupasuka, chuja. Hatua hii fanya asubuhi. Saa moja kabla ya mechi ikaange mara moja kwa mafuta mengi. Muhogo uliochemshwa kwanza unakuwa mkavu nje na laini ndani, na ukipoa unabaki unalika, tofauti na chipsi. Chachandu ya nyanya, pilipili, limau na kitunguu saumu inakaa pembeni.

Kinywaji

Robo kilo ya ukwaju, loweka kwenye maji ya moto, kamua na uchuje. Ongeza maji mpaka ifike lita 3, sukari kwa kuonja na tangawizi iliyokunwa. Weka friji tangu jana. Soda na bia aje nazo anayezitaka, ila juisi na maji baridi viwepo kwa wote bila mtu kuomba.

SAA YA MECHI NDIYO INAYOPANGA CHAKULA

Hapa ndipo wengi wanapochemsha. Wanapika vilevile kwa mechi ya jioni na ya usiku wa manane.

Mechi za Ligi Kuu ya England zinazoanza saa tisa alasiri kwao, kwetu ni saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi ya Ulaya na saa kumi na moja wakati wa kiangazi chao. Ulaya wanabadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sisi hatubadili, ndiyo maana kila mwaka kuna mtu anawasha televisheni akakuta kipindi cha pili. Kwa saa hizi za jioni watu wanakuja na njaa ya kweli. Hiyo ndiyo siku ya mishikaki, kuku na mihogo, na chakula hiki kinahesabika kama cha usiku.

Ligi ya Mabingwa Ulaya ni habari nyingine. Mechi zake za saa tatu usiku za Ulaya ya kati kwetu ni saa tano usiku, au saa nne baada ya saa kubadilika Machi. Wageni wameshakula makwao na kesho ni siku ya kazi. Usiwashe jiko la mkaa kwa ajili ya watu walioshiba. Chapati mayai, karanga, bisi, na kahawa chungu na kashata vinatosha kabisa. Supu ya kuku kwenye kikombe chenye mkono nayo inapita kanuni yetu.

Na kwenye mashindano ya mtoano, kumbuka dakika 90 zinaweza kuwa 120 na penalti juu. Sherehe ya saa mbili inakuwa ya saa tatu. Weka akiba ya karanga na bisi ambayo huitoi mpaka muda wa nyongeza utangazwe. Mgeni mwenye wasiwasi anakula kuliko mgeni mwenye njaa.

RATIBA: FILIMBI IKILIA, JIKO LIMEFUNGWA

Tuchukulie mechi ni saa kumi na mbili jioni.

Jana yake: funga sambusa, tengeneza juisi na chachandu, weka viungo kwenye nyama na kuku. Lipia kifurushi cha king'amuzi na uongeze umeme kwenye LUKU. Usisubiri dakika tano kabla ya mechi, wakati nchi nzima inalipa pamoja na mtandao umegoma.

Saa nne asubuhi: chemsha mihogo, pika tui la kupaka, agiza chapati.

Saa tisa alasiri: ongeza papai kwenye nyama, loweka njiti, katakata kachumbari lakini usitie chumvi wala limau.

Saa kumi: washa mkaa, kuku waingie oveni.

Saa kumi na nusu: mishikaki motoni. Baada yake kaanga sambusa na mihogo.

Saa kumi na moja na nusu: kila kitu mezani au kwenye hotpoti. Tia limau na chumvi kwenye kachumbari. Kaoge. Ndiyo, kaoge, na wewe ni mwenyeji si mpishi wa kukodi.

Mapumziko: dakika 15 zinatosha kutoa tikiti maji na nanasi lililokatwa tangu mchana, na kukusanya mabakuli. Hazitoshi kuanza kukaanga kitu kipya.

Ya kuzingatia: joto la Dar si mchezo. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na kama joto limepita nyuzi 32, saa moja. Kwa hiyo usitoe vyote kwa mkupuo. Nusu iwe mezani, nusu ibaki kwenye hotpoti ikiwa ya moto kweli. Na ile sahani iliyobeba nyama mbichi kwenda kwenye mkaa isiwe ndiyo inayorudi na mishikaki iliyoiva.

NANI ANAFANYA NINI?

Sasa tuje kwenye penyewe. Ratiba yote hiyo ikifanywa na mtu mmoja ni adhabu, na mara nyingi tunamjua mtu huyo ni nani.

Kuna wanaume ambao wakiwa baa wanamfundisha mchoma nyama kazi, "geuza hapo, ongeza chumvi", lakini wakifika nyumbani hawajui kiberiti kinakaa wapi. Kaka, mechi ikiwa kwako mkaa ni wako. Nyama ni yako tangu buchani mpaka kwenye foili. Na kama mkeo ndiye shabiki zaidi yako, basi na sambusa ni zako. Wanawake wanaoijua nafasi ya timu yao kwenye msimamo na mabao ya kufunga na kufungwa wapo wengi sana siku hizi, na wamechoka kuulizwa kama wanaelewa kuotea.

Dada nawe, usijitwishe halafu ukanuna. "Acha tu, nitafanya mwenyewe" ni sentensi iliyovunja amani ya nyumba nyingi. Kaeni siku tatu kabla, mezani, mgawane kwa maandishi. Sheria moja rahisi inayofanya kazi: aliyepika haoshi vyombo.

Na dada wa kazi je? Mechi ya saa tano usiku inaisha saa saba. Usimuweke macho akisubiri sahani ilhali kesho anaamka saa kumi na moja kuwaandaa watoto. Ama alale mapema, ama akaribishwe sebuleni kama watu wengine, naye ana timu yake. Vyombo vitakuwepo tu asubuhi.

Kubalianeni pia mambo mawili ambayo hayasemwi. Kwanza idadi. "Washikaji wachache" wa mmoja ni watu 17 wa mwenzake. Pili saa ya mwisho. Kama kuna mtoto au kazi asubuhi, wageni waambiwe tangu kwenye mwaliko, siyo kwa kupigwa miayo ya makusudi.

BAJETI BILA AIBU

Nyama na kuku ndivyo vinavyokula pesa. Ukiona bajeti inabana, punguza mishikaki iwe miwili kwa mtu na uongeze mihogo, bagia na viazi karai. Hakuna atakayehesabu.

Njia bora zaidi ni kuchangiana, ila kwa utaratibu. Ukisema "kila mtu aje na chochote" utapata soda nane na hakuna mkate. Mtumie kila mmoja jina la kitu: wewe chapati, wewe matunda, wewe barafu na maji, wewe karanga na korosho. Asiyeweza kupika alete barafu. Barafu haijawahi kutosha kwenye sherehe yoyote.

Kitu kingine cha heshima: kama kati ya wageni kuna Waislamu, nyama iwe ya halali na kitimoto kisikanyage kwenye jiko lile lile. Siku moja bila kitimoto haiui mtu, na kila mkono utafika kwenye sahani bila kuuliza. Vivyo hivyo kwa bia: asiyekunywa asilazimishwe, na aliyekunywa asiendeshe. Muitie teksi, au mtandikie godoro.

TIMU IKIFUNGWA

Hili nalo lina sehemu yake kwenye menyu. Agosti 2025, CHAN ilipochezwa hapa kwetu, Kenya na Uganda, Taifa Stars ilifika robo fainali ikatolewa na Morocco kwa bao 1-0. Usiku kama ule hakuna anayetaka kuhojiwa kuhusu kiungo mkabaji. Watu wanataka kitu cha moto mkononi na mtu wa kukaa naye kimya dakika tano. Weka chai ya tangawizi tayari kwenye chupa. Kwa dabi, ambapo nusu ya sebule inashangilia na nusu imenuna, ndipo unapotoa ile pilau uliyoikatalia mwanzo. Sinia moja kubwa katikati, mikono yote ndani. Ni vigumu kuendelea kumnunia mtu mnayekula naye sinia moja.

Kwa wanandoa wa timu mbili tofauti, utani una mpaka. Unaweza kuitania timu, usimtanie mtu mbele ya wageni. Aliyefungwa ana haki ya kulala bila kusikia wimbo wa ushindi chumbani.

Na nafasi za kufanya mazoezi zipo tele. AFCON ya mwaka 2027 imepewa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, mechi za saa zetu, timu zetu, kelele zetu. Wasiopata tiketi watahitaji sebule, na huenda ikawa yako. Anzeni na watu sita, menyu ya vitu vitatu, mechi ya kawaida tu isiyo na presha. Mkiona wote wawili mmeangalia dakika 90 mkiwa mmekaa, mkajua nani alifunga bila kuhadithiwa, ongezeni viti.